Simson ya mjomba isiuzwe kwa kilo

Jumapili usiku, hosteli

Najua nimepotea, karibu wiki tatu sijaandika kitu humu. Sababu ni zile zile: asaimenti mbili za kundi, bumu kuchelewa, na laptop ya kuazima ambayo mwenyewe huikumbuka kila nikifika aya ya pili. Leo mwenyewe kaenda kwao Masasi, kwa hiyo nina usiku mzima. Kaeni vizuri maana ya leo ni ndefu.

Wiki iliyopita mama kanipigia simu akiwa Mikindani. Baada ya salamu akaniuliza, "Eti mwanangu, wewe si unasoma historia? Hebu niambie, ile pikipiki ya mjomba wako ina thamani gani?" Nikacheka. Pikipiki yenyewe imelala chini ya mwembe nyuma ya nyumba, tairi hazina upepo, siti imeliwa na panya, kuku wanatagia pembeni yake. Kumbe mwenzangu hakuwa anatania. Mjomba anatakiwa kupasuliwa macho, mtoto wa jicho, na pesa inahitajika. Mdogo wangu kaleta jamaa wa skrepa, jamaa kaitazama mara moja tu, kaipiga teke kidogo kama anayepima nazi, kasema atainunua kwa kilo. Chombo chenyewe kina uzito kama kilo 80. Piga hesabu mwenyewe.

Jumamosi ya juzi nikapanda daladala mpaka Mikindani. Nikamkuta mjomba kakaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, "Marahaba, msomi. Umekuja kuizika?" Nikakosa la kusema. Basi nikaenda nyuma ya nyumba, nikachukua kitambaa nikafuta tangi. Chini ya vumbi na kinyesi cha kuku kukatokea herufi: SIMSON. Kwenye kibati kidogo cha shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia, nikasoma neno jingine: Suhl.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya wiki nzima. Asaimenti ya kweli nimeiweka pembeni, nimesoma ya Simson. Nawaletea niliyoyapata.

BUNDUKI KWANZA, BAISKELI BAADAYE

Suhl ni mji mdogo kwenye milima ya Thuringia, katikati ya Ujerumani. Kuna chuma kwenye milima hiyo, kuna misitu ya kutoa mkaa na mito ya kuzungusha nyundo. Ukiwa na vitu hivyo vitatu karne za zamani unakuwa mhunzi tu, na Suhl wakawa wahunzi wa bunduki. Kwa karne nyingi mji huo uliuza bunduki kwa wafalme wa Ulaya, rafiki na adui wote wateja.

Mwaka 1856 ndugu wawili Wayahudi, Löb Simson na Moses Simson, wakaanzisha kampuni yao hapo. Walianza na chuma cha pua na mitutu ya bunduki. Mambo yakawanyookea, kampuni ikakua, na mwaka 1896 wakaanza kutengeneza baiskeli.

Mtu anaweza kuuliza, bunduki na baiskeli wapi na wapi? Nikamuuliza fundi baiskeli wa pale karibu na kituo cha daladala, mzee ambaye amekunja spoku tangu mimi sijazaliwa. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Bomba ni bomba. Anayejua kutoboa bomba likanyooka, na kuchonga kitu kidogo kikaingia kwenye tundu lake bila kucheza, huyo anaweza kutengeneza chochote." Nimesoma kurasa nyingi baada ya hapo na sijaona maelezo mazuri kuliko hayo. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Zile BSA ambazo wazee wetu walizijua, kirefu chake ni kiwanda cha silaha ndogo cha Birmingham, na nembo yake ni bunduki tatu. Amani ikiingia soko la bunduki linalala, mashine zipo na mafundi wapo, basi wanatengeneza baiskeli.

Sasa iangalieni hiyo miaka. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, kijiji na kipande cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma, ambacho Wareno walikuwa wanakihesabu ni chao. Mwaka 1895 wakajenga boma la Mikindani, lile jeupe pale juu ambalo siku hizi ni hoteli. Mwaka 1896 Simson akaunda baiskeli yake ya kwanza. Yaani wakati mafundi wa Suhl wanajifunza kunyoosha spoku, huku kwetu bibi na babu zetu wanabebeshwa mawe ya boma na kufundishwa kulipa kodi. Na kutoka chini ya mwembe wetu, ukiinua macho, boma lenyewe unaliona.

MKATABA ULEULE

Ikaja vita ya 1914. Huku kusini watu wanaikumbuka kama vita ya kubeba mizigo, kwa sababu wapagazi walikufa kuliko askari. Aprili 1916 Wareno wakaichukua tena Kionga. Oktoba 1917 ikapiganwa Mahiwa, bara ya Lindi, mapigano ya siku nne ambayo yalikuwa mabaya kuliko karibu yote ya Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck na mabaki ya jeshi lake wakavuka Ruvuma pale Ngomano wakaingia Msumbiji.

Vita ilipokwisha, mwaka 1919 wakubwa wakakaa Paris kugawana. Tanganyika akapewa Mwingereza, Kionga ikapewa Ureno, na Ruvuma ukawa mpaka mpaka baharini. Wamakonde hawakuulizwa. Sisi tuna ndugu ng'ambo na ng'ambo, mto kwetu ulikuwa njia, halafu watu wenye miwani wakachora mstari katikati ya maji.

Kumbe mkataba uleule wa Versailles ulifika mpaka kwa Simson. Ujerumani ikakatazwa kuwa na jeshi zaidi ya watu 100,000, na silaha ziruhusiwe kutengenezwa na viwanda vichache tu. Kwa upande wa silaha nyepesi, kazi ile akapewa Simson wa Suhl. Washindani wake wakanuna. Wao wamefungiwa, na Myahudi mmoja anakula peke yake, ndivyo walivyosema. Maneno hayo yakawekwa akiba.

Katika miaka hiyo ya 1920 Simson waliendelea na baiskeli, na pia walitengeneza magari. Simson Supra, gari lililotoka mwaka 1924, lilishinda mashindano mengi na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo msidhani hii ilikuwa karakana ya uchochoroni. Ilikuwa kampuni kubwa, ya ukoo mmoja, kizazi cha tatu.

JINA LINABAKI, MWENYEWE ANAONDOKA

Mwaka 1933 Hitler akashika nchi. Mkoa wa Thuringia ulikuwa chini ya kiongozi wa chama aitwaye Fritz Sauckel, na Sauckel alikuwa ameshakipigia hesabu kiwanda cha Suhl. Mwaka 1935 familia ikafunguliwa mashtaka kwamba eti waliiibia serikali kwenye zile tenda za silaha. Arthur Simson akatiwa ndani, na humo ndani akasaini kukabidhi mali. Mwaka 1936 familia ikakimbia Ujerumani, mwisho wao Marekani. Kazi ya miaka 80 ikaondoka kwa kalamu.

Kiwanda kikabadilishwa jina, halafu kikawekwa kwenye mfuko ambao Sauckel mwenyewe aliusimamia, uliopewa jina la Wilhelm Gustloff, mtu wa chama chao. Mwaka huo huo wa 1936 ikatoka pale baiskeli yenye injini ndogo ya sentimita za ujazo 98. Kwa hiyo pikipiki ya kwanza ya Suhl ilizaliwa mwaka ambao wenye kiwanda wamefukuzwa. Nilisoma sentensi hiyo nikanyamaza kidogo.

Na haikuishia hapo. Vita ya pili ilipokolea, Sauckel huyo huyo akapewa kazi ya kukusanya vibarua wa lazima kutoka nchi zote zilizotekwa. Mamilioni ya watu walibebwa kwenye mabehewa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Viwanda vya Gustloff vilikuwa na tawi hata pembeni ya kambi ya mateso ya Buchenwald, wafungwa ndio waliokuwa wafanyakazi. Sauckel alihukumiwa Nuremberg na kunyongwa Oktoba 1946.

Nimeyaandika haya kirefu kwa sababu moja. Mtu aliyeanza kwa kunyang'anya kiwanda cha watu, akaishia kunyang'anya watu wenyewe. Hatua ya kwanza ilikuwa na mihuri na saini, na majirani wakasema ni mambo ya korti.

BAADA YA VITA

Wamarekani ndio waliofika Suhl kwanza, Aprili 1945, lakini kwa makubaliano ya wakubwa mji ukakabidhiwa Warusi Julai mwaka huo. Warusi wakakiingiza kiwanda kwenye kampuni yao iliyoitwa Awtowelo, na mwaka 1950 ikatoka pale pikipiki ya AWO 425, ya sentimita za ujazo 250, inayoendeshwa kwa shafti badala ya cheni. Wazee wa Ujerumani mpaka leo wakiiona wanavua kofia.

Mwaka 1952 kiwanda kikarudishwa kwa Ujerumani Mashariki kikawa mali ya umma. Mwaka 1955 kikatoa pikipiki ndogo ya kwanza, SR1, ambayo kwa kweli ni baiskeli yenye injini na ina kanyagio. Mwaka 1957 ikaja SR2. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapangaji wa uchumi wakaamua kwamba pikipiki kubwa zitengenezwe Zschopau kwenye kiwanda cha MZ, na Suhl ibaki na ndogo tu, za 50. Mafundi waliumia, lakini amri ni amri. Wakatulia, wakatengeneza ndogo bora.

Mwaka 1964 ikaanza kutoka Schwalbe. Neno hilo maana yake ni mbayuwayu. Zikafuata nyingine zenye majina ya ndege pia: shomoro, kwezi, kipanga, mwewe. Mbayuwayu ndiye aliyependwa kuliko wote, zilitengenezwa zaidi ya milioni moja mpaka mwaka 1986. Mnamjua mbayuwayu wa Ulaya, baridi ikianza kule anakata upepo anakuja Afrika, na huku kwetu tunamwona kwenye nyaya za umeme. Jina lilikuwa na mguu, kama wasemavyo wazee.

Mwaka 1975 ikatoka S50, na mwaka 1980 ikatoka S51. Hii ya mjomba ni S51. Injini yake ni ya kuchanganya petroli na oili, lita 50 za petroli kwa lita moja ya oili, nguvu za farasi 3.7, mwendo kilometa 60 kwa saa. Haina makeke. Ukiwa na spana chache unaifungua yote na kuifunga barazani, na ndiyo maana ilidumu.

Jambo la ajabu ni jina. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilikiita kiwanda kwa jina refu la shujaa wao Ernst Thälmann. Lakini kwenye tangi waliendelea kuandika SIMSON, maana ndilo jina lililouza. Familia iko Marekani, haina hisa hata moja, na jina lao linapita barabarani kila siku.

JINSI ILIVYOFIKA RUVUMA

Sasa tuje nyumbani.

Ujerumani Mashariki haikuwa ngeni huku. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua, na yale majumba ya Kikwajuni na Michenzani ni matunda ya urafiki huo. Bara nako, mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu akasema basi chukueni na uliobaki.

Kusini tulikuwa na vita ya jirani. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, ikaanza kupigana Septemba 1964 kule Cabo Delgado, wapiganaji wakafundishwa Nachingwea na majeruhi wakatibiwa Mtwara. Wamakonde wa ng'ambo walivuka kwa maelfu kuja upande huu, na ukoo wa mama ulikuwa humo. Mjomba alizaliwa Mueda mwaka 1960, mwaka ule ule Wareno walipowapiga watu risasi pale mjini tarehe 16 Juni. Alivushwa mto akiwa amebebwa mgongoni. Uhuru wa Msumbiji ulipopatikana 1975 yeye akarudi, mama akabaki maana alikuwa ameshapata mchumba.

Tarehe 24 Februari 1979 Msumbiji na Ujerumani Mashariki wakasaini mkataba wa wafanyakazi. Ujerumani ilikuwa na mashine nyingi na watu wachache. Msumbiji ilikuwa na vijana wengi na deni. Kwa miaka kumi iliyofuata, vijana karibu 20,000 wakapelekwa kwa mikataba ya miaka minne, kwenye viwanda vya nguo, migodi ya makaa, reli, machinjio. Wakakaa hosteli zao peke yao. Msichana akipata mimba alirudishwa kwao.

Na kulikuwa na makato. Sehemu ya mshahara ilikatwa, mwanzoni robo ya kile kilichozidi kiasi fulani, baadaye mpaka asilimia 60. Vijana wakaambiwa pesa yao inawekwa, wataikuta nyumbani. Ukweli ni kwamba ile pesa ilihesabiwa kwenye deni la nchi kwa nchi. Mwaka 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka, viwanda vikafungwa, 1990 na 1991 vijana wakarudishwa kwa ndege. Kule nyuma mambo yakaharibika, Septemba 1991 wahuni wa Hoyerswerda wakaizingira hosteli ya Wamsumbiji kwa mawe na chupa, na polisi wakaona njia rahisi ni kuwahamisha waliopigwa. Waliorudi nyumbani wakaenda kuulizia akiba yao, wakaambiwa subirini. Wanaitwa Madgermanes, na wameandamana Maputo mwaka hadi mwaka. Mwaka 2004 wengine waliingia kwenye ubalozi wa Ujerumani na kukaa humo. Kuna kiasi kilicholipwa, ila wengi wanasema siyo chote, na wengine wameshazeeka na kuzikwa wakiwa bado kwenye foleni.

Ila kitu kimoja vijana wale walijifunza mapema: pesa ya Ujerumani Mashariki nje ya Ujerumani Mashariki ni karatasi. Kwa hiyo walinunua vitu. Cherehani, friji, redio, na zaidi ya vyote, pikipiki. Wakazipanga kwenye masanduku makubwa ya mbao na kuzituma kwa meli. Ndivyo Simson za Suhl zilivyofika Msumbiji. Hakukuwa na duka wala wakala. Zililetwa na wafanyakazi, na kila moja ni mshahara uliogeuzwa kuwa chuma.

Mjomba alikuwa kwenye makaa. Aliondoka 1982, akarudi 1990. Sanduku lake likafika. Vita ya ndani ya Msumbiji ilipokwisha Oktoba 1992, akaamua kuja kutuona. Mama anasimulia kwamba aliivusha Simson Ruvuma kwa mtumbwi, imelazwa ubavu kama mgonjwa, yeye kaishika usukani, wapiga kasia wanaomba viboko wasiinue kichwa. Akashuka upande wa Kilambo, akaisukuma kwenye mchanga mpaka alipopata njia ngumu, akapiga kiki. Ikawaka mara ya tatu. Watoto wote wa kijiji walikimbia nyuma ya moshi wa bluu.

Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa anakwenda na kurudi. Spea alizipata ng'ambo, kwa wenzake waliorudi na pikipiki kama yake, mmoja akifa chombo chake kinagawanywa kama nguo za marehemu. Halafu Oktoba 2017 yakaanza mashambulizi kule Mocímboa da Praia, Oktoba 2020 yakavuka mto mpaka Kitaya, Machi 2021 ikawa Palma. Ndugu wakatawanyika. Mjomba akahamia kwetu Mikindani, Simson ikaja juu ya lori la korosho, na tangu hapo haijawaka. Klachi imekwisha na wenye spea hawajulikani walipo.

Kiwanda chenyewe nacho kimekufa. Baada ya Wajerumani kuungana mwaka 1990 hakikuweza kushindana, kikajaribu kwa majina mbalimbali, mwaka 2002 kikafilisika. Lakini mkataba wa kuungana uliacha kifungu kidogo kinachoruhusu Simson za zamani kutembea kilometa 60 kwa saa kwa leseni ya pikipiki ndogo, wakati nyingine za 50 zimefungwa kwenye 45. Matokeo yake vijana wa Ujerumani wa leo, ambao hawajaiona ile nchi, wanazitafuta kwa udi na uvumbi. Wanazipaka rangi, wanazifanyia mikutano, na bei imepanda. Chombo ambacho huku tunakipima kwa kilo, kule kina mashabiki.

NILICHOMWAMBIA MJOMBA

Jana nilirudi Mikindani na daftari. Nikakaa naye barazani, mama akaleta uji, mdogo wangu akajifanya anatengeneza chaji ya simu ila masikio yote kwetu. Nikamsomea mjomba habari za Suhl. Ukoo wa Simson hakuwahi kuusikia. Miaka minane kule, jina analiendesha kila Jumapili, hakuna mtu aliyemwambia lilikuwa jina la watu.

Akauliza, "Kwa hiyo hao nao walisainishwa?"

Nikasema ndiyo mjomba, walisainishwa.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kama yalivyo: "Unajua mwanangu, miaka minane nimechimba. Zile zilizokatwa sikuziona. Hii niliiona. Nikiishika usukani najua nilifanya kazi."

Mdogo wangu akaacha chaji. Akasema, "Sasa mjomba, na macho?" Na swali lake halikuwa baya, jamani. Ni rahisi mimi msomi kukaa hosteli nikalilia historia wakati mzee haoni mlango. Pikipiki haiwezi kumsomea dawa. Nilijiandaa na hoja nyingi, hapo zote zikaniishia.

Mjomba ndiye aliyeamua. Akasema, "Iuzeni. Kitu kikikaa kinaoza, na mimi nataka kuwaona wajukuu. Lakini msiiuze kwa kilo. Atakayeinunua ajue ni nini, na ajue ilitoka wapi. Akija mtu anataka chuma, mwambieni chuma hakuna."

Basi ndivyo tulivyokubaliana. Wajomba na mama wadogo wamechangishana, mimi nimeahidi kipande cha bumu likitoka (Mungu anasikia), na sehemu iliyobaki itatoka kwenye Simson. Mdogo wangu sasa ndiye mwenye moto kuliko wote. Ameshaifuta yote, amewaondoa kuku, amepiga picha kibati cha shingoni, na fundi baiskeli wa kituoni amesema klachi anaweza kuichonga mwenyewe. "Bomba ni bomba," kanikumbusha.

Ratiba ya macho ni mwezi ujao. Mkisikia mtu anataka S51 ya kweli, iliyovuka Ruvuma kwa mtumbwi, niambieni. Lakini mwambieni kabisa kwamba kabla ya bei kuna hadithi, na lazima akae barazani aisikilize yote, uji upo.

Na nyie wa upande huu wa kusini, hebu kaulizeni wazee wenu. Cherehani ile ya shangazi, redio ile ya babu, baiskeli ile ya Raleigh au Phoenix iliyoning'inizwa darini. Nani alimlipa nani mpaka ikafika? Ulizeni kabla jamaa wa skrepa hajapita, maana yeye haulizi.

Saa nane usiku hii, majogoo wa Shangani hawana saa, wameshaanza. Asaimenti bado haijaguswa. Tuonane wiki ijayo wadau, tukijaliwa.